Namba 97 mgongoni: uchambuzi wa kisa cha jezi ya Wembley

Jumamosi ya tarehe 3 Juni 2023, Manchester City na Manchester United walikutana Wembley katika fainali ya Kombe la FA. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watani hao wa mji mmoja kukutana kwenye fainali hiyo. İlkay Gündoğan alifunga bao la kwanza zikiwa zimepita sekunde 12 tu, bao la haraka kuliko yote katika historia ya fainali za kombe hilo, na City wakashinda 2-1. Siku ya namna hiyo watu walipaswa kuzungumzia bao. Badala yake, kabla jua halijazama, kilichokuwa kikisambaa mitandaoni ni picha ya mgongo wa mtu mmoja.

Alikuwa shabiki wa United, mwanamume wa miaka 33, amevaa jezi ya timu yake. Mgongoni, mahali pa namba ya mchezaji, palikuwa na 97. Juu ya namba, mahali pa jina, palichapwa maneno mawili ya Kiingereza yanayosema kwamba hao 97 hawatoshi.

Mtu asiyefuatilia soka la Uingereza anaweza kuitazama picha ile na asione kitu. Hakuna tusi wala mchoro wa aibu, na jina la klabu ya watu halikutajwa. Lakini kila mwenye habari ya Liverpool alielewa palepale. 97 ni idadi ya mashabiki wa Liverpool waliouawa na msongamano wa uwanja wa Hillsborough mwaka 1989. Mtu huyu alikuwa anatamka hadharani kwamba angependa wangekufa wengi zaidi.

Na Liverpool hawakuwa wanacheza siku hiyo. Hilo ndilo jambo la kwanza la kulishika katika kisa hiki. Mtu anapokashifu katikati ya mechi, damu ikiwa inachemka, mpinzani yuko mbele yake na bao limeingia dakika hiyohiyo, tunaweza angalau kuelewa joto lilikotoka hata kama hatulikubali. Wembley siku ile hapakuwa na jukwaa la Liverpool la kumjibu. Chuki ilisafiri yenyewe hadi London, imekunjwa vizuri, imevaliwa nyumbani asubuhi.

Siku hiyohiyo, macho ya Watanzania wengi hayakuwa Wembley. Yalikuwa Algiers, ambako Yanga walikuwa wanacheza mechi ya marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger. Yanga walishinda 1-0 na bado wakakosa kombe kwa sheria ya bao la ugenini, kwa sababu walikuwa wamefungwa 2-1 Dar es Salaam tarehe 28 Mei. Katika mechi hiyo ya Dar, nje na kwenye mageti ya Uwanja wa Benjamin Mkapa palitokea msukumano. Mtu mmoja alifariki na wengine 30 waliumia. Kwa hiyo siku sita kabla ya jezi ya Wembley, sisi pia tulikuwa tumemzika mtu aliyekwenda kutazama mpira. Ndiyo maana siwezi kukisoma kisa hiki kama habari ya Wazungu wa mbali.

Turudi kwenye namba yenyewe, kwa sababu bila kuijua huwezi kupima uzito wa kilichoandikwa.

Tarehe 15 Aprili 1989, Liverpool na Nottingham Forest walikutana katika nusu fainali ya Kombe la FA kwenye uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield. Mashabiki wa Liverpool walipangiwa upande wa Leppings Lane, ambako milango ya kuzungukia ilikuwa michache kuliko umati. Watu wakabanana nje. Saa 8:52 mchana, kwa amri ya kamanda wa polisi David Duckenfield, geti kubwa lililoitwa C lilifunguliwa ili kupunguza msongamano wa nje. Umati ukaingia na kufuata njia iliyokuwa wazi mbele yao, yaani shimo la kupita chini ya jukwaa, ambalo lilitokea moja kwa moja kwenye vizimba viwili vya katikati. Vizimba hivyo vilikuwa vimeshajaa. Hakuna aliyesimama mdomoni mwa shimo lile kuwaelekeza watu kwenye vizimba vya pembeni vilivyokuwa na nafasi.

Mbele ya vizimba palikuwa na uzio wa chuma, kwa kuwa miaka ile mashabiki walifungiwa. Waliokuwa mbele walibanwa kwenye chuma kwa uzito wa waliokuwa nyuma, na waliokuwa nyuma hawakujua kinachotokea mbele. Mechi ilianza saa 9 kamili. Saa 9:06 mwamuzi aliisimamisha. Magari ya wagonjwa zaidi ya 40 yalifika nje ya uwanja, lakini yaliyoingia hadi kwenye majani ni ya kuhesabu kwa vidole. Mashabiki wenyewe waling'oa mabango ya matangazo yaliyozunguka uwanja na kuyafanya machela ya kubebea wenzao.

Mdogo kuliko wote waliokufa alikuwa mtoto wa miaka 10, binamu wa Steven Gerrard, ambaye baadaye alikuja kuwa nahodha wa Liverpool. Siku ile walikufa 94. Wa 95 alifariki siku chache baadaye hospitalini. Wa 96 alikaa karibu miaka minne bila fahamu hadi mwaka 1993, pale Mahakama ya juu ya Uingereza iliporuhusu asiendelee kulishwa kwa mirija. Na wa 97? Alikuwa kijana wa miaka 22 siku ya maafa. Aliumia ubongo, akatunzwa na familia yake kwa miaka 32, akafariki Julai 2021 akiwa na miaka 55, na uchunguzi wa kifo chake ukaamua kwamba naye aliuawa na Hillsborough. Kwa hiyo yule bwana wa Wembley alipochapa 97 badala ya 96, alionyesha kwamba anaifuatilia habari hiyo vizuri kabisa. Alijua kwamba hesabu imeongezeka, na kwamba msiba wa mwisho haujatimiza hata miaka miwili.

Juu ya msiba palijengwa uongo. Duckenfield alidai siku ileile kwamba mashabiki ndio waliolazimisha geti. Siku nne baadaye gazeti la The Sun liliandika ukurasa wa mbele kwamba mashabiki wa Liverpool waliwaibia maiti na kuwakojolea polisi, na juu ya habari hiyo likaweka kichwa kinachodai kwamba huo ndio ukweli. Uchunguzi wa Jaji Taylor ulisema mapema, Agosti 1989, kwamba sababu kuu ilikuwa polisi kushindwa kuusimamia umati. Lakini uamuzi wa kwanza kuhusu vifo, mwaka 1991, uliviita vya ajali, na familia zikabaki na jina baya la ndugu zao kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2012 jopo huru lilifichua kwamba taarifa 164 za polisi zilirekebishwa, na katika 116 kati yake maneno yaliyowalaumu polisi yaliondolewa. Waziri Mkuu David Cameron aliomba radhi bungeni. Tarehe 26 Aprili 2016, mjini Warrington, baraza la wananchi lililosikiliza uchunguzi mpya lilitamka kwamba marehemu waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa lolote. Mbele ya baraza hilo Duckenfield alikiri kwamba alidanganya kuhusu lile geti. Baadaye alishtakiwa kwa jinai, na mwaka 2019 akaonekana hana hatia.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa makusudi. Nyimbo zinazoimbwa dhidi ya Liverpool katika viwanja vya Uingereza hazisemi tu "mlikufa". Zipo zinazosema lile gazeti lilikuwa sahihi. Zipo zinazosema kwamba watu wa Liverpool siku zote hujifanya ndio wanaoonewa, na kwamba kosa kamwe si lao. Maana yake, mwimbaji analichukua jeraha la pili, lile la kusingiziwa, analifumua upya mbele ya mama aliyetumia miaka 27 kulisafisha jina la mwanawe. Familia hizi zilishinda mahakamani, kisha Jumamosi inayofuata zinasikia uongo uleule ukiimbwa na watu elfu kadhaa kwa mdundo wa furaha.

Sasa kesi yenyewe. Picha za jezi zilisambaa mitandaoni siku ileile. Mtu huyo alitambuliwa, polisi wakamkamata palepale Wembley. Kesho yake alifunguliwa mashtaka chini ya sheria ya utulivu wa umma ya mwaka 1986, kwa kuonyesha maandishi ya vitisho au ya kudhalilisha yanayoweza kuwasumbua, kuwatisha au kuwaumiza watu. Alipokamatwa alitoa maelezo ambayo yalisomwa baadaye mahakamani: kwamba babu yake alikufa akiwa na miaka 97 na hakupata watoto wa kutosha.

Utetezi huu unatuonyesha jinsi kashfa za namna hii zinavyofanya kazi. Maandishi yametengenezwa ili yawe na milango miwili. Anayelengwa aelewe moja kwa moja, na mwandishi akibanwa awe na pa kutokea: ni namba tu, ni maneno mawili tu, wewe ndiye umeyapa maana. Mlango wa pili wa jezi ile ulikuwa babu. Haukumsaidia. Tarehe 19 Juni 2023, katika mahakama ya Willesden, alikiri kosa. Hakimu alisema ni vigumu kufikiria rejeo la kuudhi zaidi kuhusu maafa ya 1989. Akamtoza faini ya pauni 1,000 na kumpiga marufuku kuhudhuria mechi kwa miaka minne.

Wapo waliouliza: mtu akamatwe kwa sababu ya jezi? Nimelitafakari swali hilo kwa uzito wake, kwa kuwa ninaishi upande wa dunia ambako maandishi ya fulana yamewahi kumponza mtu kwa sababu za kisiasa, na sipendi polisi wawe wakaguzi wa mavazi. Lakini hapa hakukuwa na hoja iliyokuwa inanyamazishwa. Hakuna aliyezuiwa kusema kwamba Liverpool ni timu mbovu, kwamba kocha wao wa wakati huo, Klopp, hajui kupanga kikosi, au kwamba mwamuzi aliwabeba. Kilichoadhibiwa ni kuingia mahali pa watu makumi ya elfu, na mbele ya kamera za dunia nzima, na tamko la kutamani vifo vya watu wanaojulikana kwa majina, ambao baadhi ya wazazi wao wako hai na wanatazama. Adhabu ninayoiona ya maana zaidi ni ile marufuku. Pauni 1,000 hulipwa na kusahaulika. Miaka minne bila kuingia uwanjani inamgusa shabiki pale anapopapenda, na inasema wazi kwamba kwenda uwanjani ni heshima inayoweza kupokonywa. Jela ingekuwa ya kupita kiasi.

Swali ninaloona ni gumu kuliko la adhabu ni hili: jezi ile ilikuwa ya kumwonyesha nani?

Si Liverpool, hawakuwepo. Ilikuwa ya kuwaonyesha wenzake wa United. Alitarajia wacheke, wampige picha, wampe mkono. Namba na maneno yamechapwa kwa usafi, mahali palepale pa namba na jina, kwa namna inayohitaji maandalizi. Yaani alipata muda wa kutosha wa kughairi, na katika muda huo wote aliamini kwamba jukwaa lake litamkubali. Imani hiyo haikuja hewani. Mtu aliyesimama kwa miaka katika jukwaa linaloimba Hillsborough anajifunza kwamba pale ndipo sifa inapopatikana, kwamba anayefika mbali zaidi ya jana ndiye shabiki wa kweli. Nyimbo zilimlea, yeye akazichapa kwenye kitambaa.

Kinachouma ni kwamba United ni klabu ya mwisho duniani iliyopaswa kucheka msiba wa mtu. Tarehe 6 Februari 1958, ndege iliyowabeba kutoka Belgrade, walikotoka sare ya 3-3 na Red Star, ilianguka mjini Munich ikijaribu kuruka kwa mara ya tatu kwenye njia iliyojaa theluji inayoyeyuka. Walikufa watu 23, wanane kati yao wachezaji. Duncan Edwards, aliyekuwa na miaka 21 na ambaye waliomwona wanasema hajapata kuwepo kama yeye, alipigania maisha siku 15 hospitalini kabla ya kuondoka. Kocha Matt Busby alinusurika kwa tundu la sindano. Na Busby huyo, kabla ya kuijenga United, alikuwa mchezaji na nahodha wa Liverpool. Klabu hizi mbili zimefungamana ndani ya mtu mmoja.

Mashabiki wa Liverpool nao si malaika. Kwa miaka mingi wamekuwepo wanaonyoosha mikono kama mbawa za ndege wakiwatazama United, na wanaoimba kuhusu Munich. Kila upande una hesabu yake ya nani alianza, na kila upande unamwonyesha mwenzake video ya mwaka fulani. Hesabu hiyo haina mwisho, maana kila kashfa inajitetea kuwa ni jibu. Ukimsikiliza anayeimba Munich atakuambia wao waliimba Hillsborough, na wa Hillsborough atakukumbusha Heysel, uwanja wa Brussels ambako watu 39, wengi wao wa Juventus, walikufa tarehe 29 Mei 1985 baada ya mashabiki wa Liverpool kuwavamia. Heysel ni doa la kweli la Liverpool na linastahili kusemwa. Lakini mtu anayelitaja ili apate ruhusa ya kuwacheka watoto wa Hillsborough hana uchungu wowote na wale 39.

Jambo lilikuwa limeshachukiza kiasi kwamba Machi 2023, miezi mitatu kabla ya jezi, makocha wa timu hizo mbili, Jürgen Klopp na Erik ten Hag, walitoa wito wa pamoja kabla hawajakutana Anfield, uwanja wa Liverpool. Walisema wanaupenda ushindani, wanaitaka kelele, ila kutumia vifo vya watu kujipatia pointi dhidi ya mpinzani kukome. Liverpool walishinda mechi hiyo 7-0. Miezi mitatu baadaye, Wembley. Wito wa makocha ulikuwa wa heshima na nauunga mkono, lakini haukuweza kufanya kazi ambayo ni ya mtu anayesimama kiti cha pili kutoka kwa mwenye jezi.

Agosti 2023 mamlaka zilikaza kamba. Ligi Kuu ya Uingereza, chama cha soka (FA), polisi na waendesha mashtaka walitangaza kwamba kashfa zinazohusu maafa, ziwe nyimbo, ishara au maandishi, zitapelekea kufungiwa viwanja na hata mashtaka. Mwezi uliofuata ukaja mtihani. Kwenye mechi ya Sheffield Wednesday na Sunderland, shabiki mmoja wa Wednesday aliinua simu yenye picha ya Bradley Lowery, mtoto mpenzi wa Sunderland aliyefariki kwa saratani mwaka 2017 akiwa na miaka sita, akawaonyesha mashabiki wa Sunderland huku akicheka. Alikiri kosa, akapewa kifungo cha nje na marufuku ya miaka mitano. Kuna kitu hakimu hawezi kukitoa, na mashabiki wa Wednesday walikitoa wenyewe: walichangisha fedha nyingi kwa ajili ya mfuko unaobeba jina la mtoto huyo. Hawakungoja kuambiwa kwamba mtu yule alikuwa wa kwao na aibu ni ya kwao.

Hapo ndipo ninapoona udhaifu mkubwa wa kesi ya Wembley kama mfano. Ilikuwa rahisi mno. Mtu mmoja, mgongo mmoja, picha moja, ushahidi umeandikwa kwa herufi kubwa. Wimbo hauna mgongo. Watu 3,000 wakiimba pamoja, kila mmoja akikamatwa atasema alikuwa anapumua tu. Kamera inapiga midomo, sauti haina mwenyewe. Kwa hiyo sheria inawanasa wanaochapa, na wale waliowafundisha kuchapa wanakwenda nyumbani na kurudi wiki ijayo. Dawa ya wimbo haiko mahakamani. Iko kwa waanzishaji wa nyimbo, kwa sababu kila jukwaa lina watu wake watano au kumi ambao wakianza wengine hufuata, na wakinyamaza wimbo unafia kooni. Klabu zinawajua watu hao. Ndio zinazozungumza nao kuhusu ngoma, bendera na mabasi. Ziwaambie.

Mtandaoni hali ni kama ya jezi, ila imezidishwa mara milioni. Mashine zinazochuja matusi hutafuta matusi. Namba mbili na picha ndogo ya ndege si tusi, zinapita. Akaunti haina sura, na aliyeandika anaweza kuwa Salford, Kisumu au Mwanza, hajawahi kufika Uingereza wala hamjui hata mmoja wa wale 97. Na hili la mwisho linanihusu, linakuhusu na wewe unayesoma. Mapenzi ya timu hizi yamejaa kwetu, kuanzia vibanda umiza hadi makundi ya WhatsApp ya kazini. Tumeyapokea mapenzi, na pamoja nayo tumepokea chuki ambazo si zetu. Kijana wa Kitanzania anayemrushia mwenzake picha ya ndege baada ya United kufungwa anadhani anatania. Utani anaujua, kakulia ndani yake. Lakini kwetu utani una taratibu zake, na hakuna aliyemfundisha kuzisafirisha hadi kwenye mpira wa Uingereza.

Fikiria watani wa makabila, Wahehe na Wangoni waliopigana zamani, au Wazaramo na Wanyamwezi waliokutana kwenye misafara. Watani hawa hutania hata msibani. Mtani anafika akaiga mwendo wa marehemu, akajilaza njiani akidai alipwe ndipo jeneza lipite, akawaambia wafiwa mambo ambayo mwingine akiyasema atapigwa. Mgeni akiona anashangaa. Lakini mtani yuleyule ndiye ameamka alfajiri kuchimba kaburi, ndiye anayebeba maji na kuni, na wafiwa wakizidiwa na kilio ndiye anayewanyanyua. Ameruhusiwa kucheka kwa kuwa ameshika jembe. Anachekesha ili mfiwa aweze kula. Hajawahi kuwepo mtani aliyefika msibani kusema maiti mmoja hatoshi.

Simba na Yanga waliurithi utani huo, na sehemu kubwa ya matani yao bado ni mazuri: Vyura, Mikia, Utopolo, Makolo, jeneza la kuchora la mtani aliyefungwa tano. Yanakera na yanapita. Lakini nasi tuna misiba ya viwanjani. Tarehe 23 Oktoba 2010 watu saba walikufa kwenye msukumano wa Uwanja wa Nyayo, Nairobi, Gor Mahia walipocheza na AFC Leopards. Mwaka 2023 ni huyo wa Mkapa. Marehemu hawa wana timu, na timu hizo zina watani. Siku ambayo jukwaa moja la kwetu litaimba idadi ya marehemu wa jukwaa jingine ili kusherehekea bao, tutakuwa tumevuka mahali ambapo Waingereza wanahangaika kurudi kwa zaidi ya miaka 30.

Kurudi kunawezekana, na mji wa Liverpool wenyewe umeonyesha. Hadi mwaka 2025, Everton walipohamia uwanja mpya, wao na Liverpool walitenganishwa na bustani moja, na upinzani wao ni mkali. Wiki moja baada ya Hillsborough mashabiki wa pande zote mbili walifunga skafu nyekundu na buluu moja kwa nyingine kuvuka bustani ile, kutoka uwanja wa Everton wa wakati huo hadi Anfield. Miaka 23 baadaye, Septemba 2012, siku chache baada ya ripoti ya jopo huru, Everton walipowakaribisha Newcastle walitanguliza uwanjani watoto wawili walioshikana mikono. Mmoja alivaa jezi ya Everton yenye namba 9, mwenzake jezi ya Liverpool yenye namba 6. Wakisimama pamoja migongo yao ilisomeka 96, idadi ya marehemu wakati huo. Uwanja mzima wa mahasimu ulisimama kuwapigia makofi. Everton nao walichapa namba ya wafu kwenye jezi, mahali palepale ambapo mtu wa Wembley aliichapa. Na mashabiki wao waliendelea kuwazomea Liverpool kila derby kwa nguvu zote, bila kupungukiwa na chochote.

Marufuku ya yule bwana, ya miaka minne, inaishia mwaka 2027, na ana haki ya kurudi kiti chake. Mimi ninawaangalia zaidi watakaokaa pembeni yake, na hapa kwetu ninawaangalia viongozi wa matawi na wasimamizi wa makundi ya mashabiki. Matawi ya Simba na Yanga yana wenyeviti, makatibu na daftari la wanachama. Yanajua nani alianzisha wimbo gani na nani aliposti nini. Anayetania kufungwa aachwe atanie hadi asubuhi. Anayetania kifo aitwe na tawi lake mwenyewe, na wa timu yake mwenyewe, kabla mtani hajalalamika na kabla polisi hawajahitajika.